Mtoto wa Hiroshima na mawe ya Shinkolobwe

Wazazi wengi wakimwona mtoto ameinamia kitabu cha picha humwambia upesi: "Weka hicho, chukua daftari lako la shule." Nami nimesema hivyo mara nyingi. Kwetu Katanga vitabu hivi, ambavyo wengine huviita katuni, huhesabiwa pamoja na peremende na mpira wa barabarani: mambo ya kitoto, hayamwui mtu, lakini wala hayamjengi. Walakini katika miezi hii iliyopita nimesoma vitabu vya picha vya namna tatu, na cha mwisho kiliniondolea usingizi. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyoyaona humo, kwa maana habari yake inatugusa sisi watu wa Kongo kuliko nilivyodhani nilipokifunua.

Vitabu hivyo havikuja kwangu kwa kutafutwa. Mpwa wangu alipokuja kutusalimu wakati wa likizo aliwaletea watoto furushi zima, vyote kwa Kifaransa, vingine vimechakaa majalada. Usiku mmoja, baada ya sala ya jioni, nilimkuta kijana wangu mwenye miaka 12 amekaa peke yake karibu na taa. Hakucheka, wala hakugeuza ukurasa. Nikachungulia begani pake. Niliona picha ya watu wanaotembea kwa kufuatana, mikono yao imenyoshwa mbele, na ngozi ya mikono inaning'inia kama nguo iliyoraruka. Nikakichukua kitabu mkononi mwake bila neno, nikakifungia kabatini. Mama yake aliniuliza, "Umemnyang'anya kwa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Ndipo nilipoamua kwamba mzazi anayekataza kitabu asichokisoma hana haki ya kusikilizwa, nikaanza kuvisoma vyote.

Nilianza na kile nilichokijua tangu ujana wangu, *Tintin au Congo*. Ni nani kati yetu asiyemjua yule kijana mwenye kishungi cha nywele na mbwa wake mweupe? Tumemwona amechongwa katika mti na kuuzwa masokoni kwa wageni. Lakini wachache wanajua kwamba habari hiyo ilizaliwa katika gazeti la Kikatoliki. Georges Remi, aliyejiita Hergé, alikuwa na miaka 23 tu alipoanza kuichora mwaka 1930 katika *Le Petit Vingtième*, ukurasa wa watoto wa gazeti la Brussels lililoongozwa na padri, abbé Norbert Wallez. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Alitazama vitu katika jumba la makumbusho la Tervuren, akasikiliza yaliyosemwa na watu wa wakati wake, akachora.

Nimekisoma tena sasa, nikiwa na mvi, na nakiri kwamba mahali pengine nilicheka. Walakini kicheko kilikatika upesi. Watu weusi wa kitabu hicho wote wana sura moja, midomo ile ile, na maneno yao ni ya watoto wasiokomaa, hata mfalme wao. Treni yao inaigonga motokaa ya mgeni ikaanguka, nao wanangoja mgeni awaambie la kufanya. Wanyama wanauawa ovyo, ukurasa baada ya ukurasa. Katika chapa ya kwanza Tintin anasimama darasani mwa misioni na kuwafundisha watoto weusi juu ya nchi yao, yaani Ubelgiji! Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo likaondolewa, likawekwa somo la hesabu. Mkongomani mmoja aliyekaa Ubelgiji alikwenda mahakamani huko Brussels mwaka 2007 akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ilikataa. Mimi nisingalikwenda mahakamani. Lakini nisingalimwachia mtoto akisome peke yake pia.

Kinachonisikitisha zaidi ni jambo lililofuata. Mwaka 1934 Hergé alipotaka kuchora habari za Uchina, padri mmoja aliyewalea wanafunzi Wachina wa Louvain, abbé Gosset, alimwonya asiwachore kwa masimulizi ya mitaani. Basi akakutanishwa na kijana Mchina aliyesoma sanaa huko Brussels, Zhang Chongren. Wakawa marafiki. Zhang alimweleza nchi yake, maandishi yake, na maumivu ya watu wake mbele ya jeshi la Japani. Kitabu kilichotoka, *Le Lotus bleu*, ni kazi ya mtu mwingine kabisa, ingawa mkono ni ule ule. Hapo unaona wazi kwamba Hergé hakuwa mtu mwenye moyo mbaya. Alikosa rafiki. Kwa Wachina alimpata mmoja. Kwa Kongo hakumpata, au hakumtafuta.

Kitabu cha pili sitakitaja kwa urefu, ingawa kilinipendeza. Kinaitwa *Madame Livingstone*, kilitoka mwaka 2014. Mchoraji wake ni Barly Baruti, mwana wa Kisangani, na maneno yaliandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Ni habari za vita ya kwanza ya dunia katika ziwa Tanganika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani iitwayo *Graf von Götzen*. Rubani Mbelgiji anaongozwa na mtu chotara avaaye sketi ya Waskoti, anayejidai kuwa mwana wa Livingstone. Meli ile ni ya kweli: Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, nayo ikasafiri miaka mingi kwa jina la *Liemba*. Katika picha za Baruti kila mtu mweusi ana uso wake mwenyewe. Unaweza kumtambua mmoja katikati ya hamsini. Ukitoka kwa Tintin ukaingia humo, ni kama kutoka katika chumba chenye moshi. Maji ya ziwa yamechorwa kwa rangi hata unatamani kunawa.

Sasa nifike kwa kile kilichofungiwa kabatini.

Kwa Kifaransa kinaitwa *Gen d'Hiroshima*. Ni manga, yaani kitabu cha picha cha Wajapani, na vyote jumla ni kumi. Sisi tunavyo vinne vya kwanza. Aliyekichora ni Keiji Nakazawa, aliyezaliwa Hiroshima mwaka 1939 akafa mwaka 2012. Alianza kukitoa mwaka 1973 katika gazeti la wavulana la kila juma. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa watoto, si wataalamu.

Gen ni mtoto wa darasa la pili. Baba yake hupaka rangi viatu vya mti, na ana ulimi usioogopa: husema waziwazi kwamba vita ya Wajapani ni kosa. Kwa ajili hiyo anafungwa na kupigwa. Jamaa nzima inaitwa wasaliti. Majirani wanawanyima chakula na watoto wa mtaani wanawarushia mawe. Mtu mmoja tu anawasaidia, naye ni Mkorea jirani yao, Pak, anayedharauliwa na Wajapani wote wa mtaa. Sehemu hii ya kwanza niliisoma polepole sana. Nilidhani nitasoma habari za bomu, kumbe kurasa zaidi ya mia mbili ni habari za njaa, za viazi, za ngano, za kaka mkubwa anayejiandikisha jeshini ili jamaa isiitwe tena ya wasaliti, na baba yake anamkasirikia. Baba huyo huwaonyesha watoto shamba la ngano, akiwaambia kwamba ngano hukanyagwa wakati wa baridi kusudi mizizi yake ishike vizuri. Nilimpenda mtu huyo. Anawapiga watoto kupita kiasi, lakini nilimpenda.

Halafu inafika tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi.

Gen yuko penye lango la shule. Ukuta wa mawe unamkinga. Anakimbia nyumbani, anakuta nyumba imeanguka: baba, dada na mdogo wake wamebanwa chini ya miti ya paa, wazima, wanasema. Moto unakuja kutoka nyumba za jirani. Gen na mama yake wanavuta, wanainua, wanaomba msaada kwa wapitao njia, hawawezi. Baba anamwamuru Gen amchukue mama akimbie, kwa kuwa ana mimba. Mdogo wake analia kwamba moto ni mkali. Siku ile ile, katikati ya majivu, mama anazaa mtoto wa kike.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu mezani, nikatoka nje kusimama uani. Niliporudi nikajaribu kujifariji kwamba ni hadithi tu. Siyo. Nakazawa mwenyewe alikuwa na miaka sita, alikuwa karibu na shule, ukuta ulimkinga, na baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa namna hiyo chini ya nyumba yao. Mama yake alizaa siku hiyo, na mtoto hakumaliza mwaka. Miaka mingi Nakazawa hakutaka kuchora habari hizo. Aliona watu wa Tokyo wanawakimbia waliotoka Hiroshima kama wenye ukoma. Lakini mwaka 1966 mama yake alifariki, na walipouchoma mwili wake kama ilivyo desturi ya Wajapani, hawakuona mifupa ya kuokota, ila majivu meupe na vipande vidogo. Alihisi kwamba bomu lilikuwa limemnyang'anya mama yake hata mifupa. Tangu hapo akaanza.

Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo nilishtuka pia kwa kuona tarehe. Tarehe 6 Agosti ni sikukuu ya Bwana kugeuka sura mlimani, uso wake uking'aa kama jua. Asubuhi hiyo juu ya Hiroshima uling'aa mwanga mwingine. Hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa. Nje kidogo ya mji, huko Nagatsuka, palikuwa na nyumba ya malezi ya Wayezuiti. Mkubwa wake alikuwa Padri Pedro Arrupe, Mhispania aliyekuwa amesomea uganga kabla ya utawa. Aliigeuza nyumba kuwa hospitali, akawaosha na kuwafunga vidonda watu wapata 150, dawa zikiwa karibu hakuna. Baadaye, kuanzia mwaka 1965, ndiye aliyekuwa mkuu wa Wayezuiti wa dunia nzima.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya tarehe. Nimeandika kwa ajili ya jiwe.

Bomu la Hiroshima lilitengenezwa kwa uraniamu, kilo 64 hivi. Sehemu kubwa ya mawe yaliyotoa uraniamu ya Waamerika katika vita ile ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ambao wazee wetu waliuita Jadotville. Mawe hayo yaligunduliwa mwaka 1915. Mwanzoni yalitafutwa kwa ajili ya radiumu, dawa ya ugonjwa wa kansa, iliyosafishwa Olen huko Ubelgiji; uraniamu yenyewe ilikuwa karibu na takataka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka tani zaidi ya elfu moja New York, zikakaa katika ghala la Staten Island hata mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua. Kisha mgodi ukafunguliwa tena, maji yakatolewa, mawe yakaendelea kusafirishwa kwa siri. Mawe ya nchi nyingine yalikuwa na uraniamu kidogo mno. Ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri ajabu, mengine zaidi ya nusu. Jina la mahali likafichwa. Waliochimba, watu wa kwetu, hawakuambiwa wanachimba kwa ajili gani.

Tangu utoto wangu nimesikia jina la Shinkolobwe kama watu wanavyotaja utajiri: tazameni, Kongo ilimaliza vita ya dunia! Wengine husema hivyo kwa majivuno. Nami nilipata kusema. Sasa sitaweza tena, kwa kuwa nimekwisha kumwona mtoto yule chini ya paa. Sisemi kwamba wachimbaji wetu wana hatia. Mtu aliyechimba kwa amri ya bwana wake, mchana kutwa, bila kujua, hana sehemu katika hukumu hiyo. Lakini kati ya nyumba ile ya Hiroshima na kilima kile cha Likasi kuna njia moja iliyonyoka, na watoto wetu hawaionyeshwi shuleni. Mimi nilisoma Katanga miaka yote, nikajua mito ya Ubelgiji kwa majina, na njia hiyo nimekuja kuonyeshwa na Mjapani aliyechora kwa kalamu.

Na njia haikuishia huko, maana mawe bado yanaua upande wa kwetu pia. Mwaka 2004 Serikali ilikataza watu wasichimbe Shinkolobwe, ambako maelfu walikuwa wakitafuta kobalti kwa mikono. Mwaka huo huo shimo likaporomoka na kufunika watu.

Basi lirudi swali la mama yake: mtoto aruhusiwe kukisoma, au la? Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kuuliza. Katika mji wa Matsue huko Japani, mwaka 2012, wakubwa wa elimu waliagiza vitabu vya Gen viondolewe katika rafu za wazi za shule, kwa sababu ya picha za ukatili wa askari wa Kijapani. Watu wakalalamika sana, na mwaka 2013 agizo likafutwa. Mwaka 2023 mji wa Hiroshima wenyewe ulikitoa katika masomo yake ya amani. Moja ya sababu zilizosemwa ni kwamba Gen anaiba samaki bwawani kwa ajili ya mama yake mgonjwa, na watoto wangeweza kupotoka. Nilipoisoma sababu hiyo nilitikisa kichwa. Mji mzima unachomwa na watu wanaogopea samaki!

Hata hivyo kitabu kina kasoro, na sitaki kuzificha. Watu hupigana makofi kila ukurasa wa tatu, hata kwa mzaha. Kuna nyimbo za matusi ambazo sitaki zisikike mezani kwangu. Nakazawa akikasirika hana kiasi: adui zake wote wana sura mbaya na meno yaliyotokeza. Hapo anafanya dhambi ileile ya Hergé, ingawa kwa watu wa kabila lake mwenyewe. Na zile picha za ngozi si za mtoto wa miaka saba, wala minane.

Lakini kwa mtoto wa miaka 12 nasema ndiyo, kwa sharti moja, kwamba mzazi akae karibu. Mwishoni mwa mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza ichapwe kadi yenye picha ya mvulana wa Nagasaki aliyesimama wima, amembeba mgongoni mdogo wake aliyekufa, akingoja zamu yake mahali pa kuchomea maiti. Picha ile aliipiga askari Mmarekani, Joseph O'Donnell. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2019, Papa alifika Nagasaki na Hiroshima mwenyewe, akasema kwamba si kutumia tu silaha za atomiki, bali hata kuwa nazo, ni kinyume cha maadili. Kama Papa hakuona vibaya kuigawa picha ile, mimi ni nani hata nifungie picha kabatini?

Nilikitoa siku ya Jumapili baada ya Misa. Nikamwita kijana, nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa. Nilikichukua bila kukisoma. Sasa tutakisoma wawili." Akajibu, "Ndiyo, baba," lakini alinitazama kama anayepima kama nitabadili nia. Tulisoma kwa zamu, yeye akisoma maneno ya Gen, mimi ya baba yake. Tulipofika kwenye moto, sauti yangu ndiyo iliyokwama, naye akamalizia sehemu zote mbili. Hakulia. Baadaye aliuliza maswali matatu. La kwanza: kwa nini wapita njia hawakusaidia kuinua paa? La pili: je, yule Mkorea, Pak, alipona? La tatu liliulizwa nilipokwisha kumweleza habari za Likasi: "Wale waliochimba, walipojua baadaye, walisemaje?"

La kwanza nilijaribu kulijibu. La tatu nimewauliza wazee wawili wa parokia waliofanya kazi migodini zamani, na wote wawili walinyamaza kwanza. Mmoja alisema kwamba wakati wao Shinkolobwe haikutajwa kwa sauti. Wa pili aliomba aonyeshwe kitabu. Amekaa nacho juma la pili sasa, na mjukuu wake humsomea jioni.

Kwa hiyo kwa sasa kitabu cha kwanza hakipo nyumbani. Cha pili hadi cha nne vipo, na msomaji yeyote wa parokia yetu anaweza kuviazima akiahidi kunawa mikono. Na ikiwa jamaa fulani inacho kitabu cha tano, tafadhali ituletee habari kwa njia ya katekista. Sisi tutawaazima *Madame Livingstone* wakati huo wote, maana kijana wangu hajapata usingizi mzuri kwa kutaka kujua mambo ya Gen, na mimi pia.